Misuli Iliyosahau Kulegea

Watu wa saiti walimwita Kipanga, kwa sababu kazi yake ilikuwa kukaa juu kuliko kila mtu na kutazama chini. Alikuwa dereva wa winchi, ile ya mnara mrefu inayosimama kando ya jengo na kunyoosha mkono wake wa chuma juu ya vichwa vya watu. Kila siku ya kazi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, alipanda ngazi mita hamsini na tano, akajifungia kwenye kibanda cha vioo kisichozidi ukubwa wa kabati la nguo, akashika vishikio viwili, kimoja kila mkono, na hakushuka mpaka saa saba mchana. Akishakula alipanda tena mpaka saa kumi na moja. Miaka kumi na sita alifanya hivyo, na hakuna mzigo hata mmoja uliowahi kumponyoka.

Chini yake alikuwapo mpiga ishara, mtu mwembamba aliyeitwa Bubu. Jina lilikuwa la utani tu. Kazini aliongea kwa mikono na kwa redio ndogo ya kifuani, maneno mawili matatu, lakini akishavua glavu hakuna aliyeweza kumnyamazisha. Kipanga alimwamini kuliko ndugu. Bubu akikunja ngumi, mzigo unasimama hapo hapo ulipo, hata kama ni tani mbili za nondo zinazoning'inia.

Maumivu yalianza siku walipomwaga zege la ghorofa ya sita. Ilikuwa yapata saa nne, ndoo ya zege ikiwa inapanda, Kipanga akahisi kama kuna uzi umefungwa kwenye korodani yake ya kushoto na mtu anauvuta taratibu kuelekea kinenani. Alidhani amekaa vibaya. Akasogea kidogo, uzi ukabaki. Akashusha ndoo, akashusha nyingine ishirini na tatu siku ile, na aliposhuka mwenyewe alikuwa anatembea kama mtu aliyevaa suruali ya mwenzake.

Akajikaza kisabuni. Ndivyo alivyozoea: jino likiuma anajikaza, mgongo ukikamata anajikaza. Lakini wiki ikazaa mwezi, na mwezi ukazaa miezi. Asubuhi alikuwa na nafuu, ikifika saa nne uzi unaanza kuvutwa, ikifika saa tisa panawaka. Kukaa kulimuuma. Kwenda haja kubwa kulimuuma. Na akilala na mkewe, siku mbili zilizofuata alizilipia kwa maumivu, kwa hiyo akaanza kukwepa. Leo amechoka, kesho mgongo, keshokutwa ana usingizi. Mkewe, ambaye alikuwa mwalimu wa hesabu na mtu wa kuona pengo kwenye hesabu yoyote, hakusema kitu. Alinyamaza tu, na kunyamaza kwake kulimtisha Kipanga kuliko maneno.

Alikwenda zahanati, akapewa vidonge vya siku kumi. Akaenda hospitali nyingine, akapewa vya wiki tatu. Tumbo liliharibika, maumivu hayakutikisika. Mjomba wake, ambaye kwake kila kinachouma chini ya kitovu ni ngiri, alimpigia simu akamwambia ni ngiri. Bubu, aliyeambiwa nusu tu ya habari, alitafuta kwenye simu yake na kurudi na jibu.

"Kuna zoezi," alisema. "Unabana kule chini kama unayekata mkojo, unahesabu mpaka kumi, unaachia. Mara mia kwa siku. Linaimarisha uanaume."

Kipanga alifanya mara mia, kisha mia mbili, akiwa kibandani kati ya mzigo na mzigo. Wiki ya pili maumivu yalikuwa yameongezeka maradufu, na sasa yalishuka mpaka ndani ya paja.

Mwezi wa nane tangu maumivu yaanze alimfikia daktari bingwa wa njia ya mkojo, mzee mpole mwenye mikono ya baridi. Huyu hakuandika dawa kwanza. Alimpapasa kwa makini, akampeleka altrasaundi, akapima mkojo na damu, akamwita tena baada ya siku tatu.

"Hakuna uvimbe," alisema daktari huku akipanga karatasi. "Korodani haijajisokota, hakuna maambukizi, na hiyo ngiri ya mjomba wako pia haipo. Korodani yako ni nzima."

"Kama ni nzima, mbona inauma?"

"Inauma kweli. Sijasema unajitungia."

Kipanga aliangalia dirishani. Alikuwa amelifikiria jambo hili wiki nzima na alitaka kulitoa kabla hajabadili nia. "Daktari, ikateni. Nina watoto watatu, wanatosha."

Daktari alivua miwani. "Nikiikata nitakuwa nimekata kitu kizima, na maumivu yanaweza kubaki pale pale. Ungekuja na maumivu makali ya ghafla, au uvimbe, au homa, tusingekuwa tunaongea hivi, ningekukimbiza chumba cha upasuaji siku hiyo hiyo. Lakini yako tumeyapima kila upande. Nadhani yanatoka kwa jirani." Akaandika barua fupi, akaikunja. "Nenda kwa huyu mtaalamu. Mpe miezi mitatu. Asipokusaidia, rudi tuongee upya."

Kipanga aliisoma barua akiwa koridoni. Tiba ya viungo, ilisema, misuli ya sakafu ya nyonga. Akarudi akachungulia mlangoni. "Daktari, huku si ndiko wanakopelekwa waliovunjika miguu? Na akina mama waliojifungua?"

"Huko huko."

Aliitia barua mfukoni na kuiacha humo siku tisa.

Mkewe ndiye aliyeitoa. Ilikuwa Jumapili mchana, alikuwa anapekua mifuko kabla ya kuloweka nguo. Kipanga alimkuta mezani, rundo la madaftari ya wanafunzi limesukumwa pembeni, barua imefunguliwa mbele yake.

"Kaa," alisema.

"Nitasimama tu."

"Najua utasimama. Miezi sasa unasimama. Unakula umesimama, unaangalia habari umesimama. Nilidhani umepata mtu huko nje na nyumba hii inakuchoma." Sauti yake haikupanda. "Nimeshapanga hata maneno ya kumwambia dada yako. Kumbe ni hiki?"

Kipanga alitaka kusema mgongo. Safari hii aliliacha neno hilo. Akasogea hadi ukutani, akauegemea, akatoa yote: uzi, vidonge, mara mia mbili kwa siku, na ombi alilompelekea daktari. Alipofika hapo kwenye kukatwa, mkewe alifunika uso kwa mikono.

"Ungekwenda kukatwa bila kuniambia?"

"Nisingekatwa. Alikataa."

"Alikataa yeye. Wewe je?" Akafuta macho, akaichukua barua na kuinyoosha kwa kiganja kana kwamba ni mtihani wa mtoto mzembe. "Jumatano nina vipindi viwili tu. Tunakwenda wote."

"Mwalimu, ni mambo ya kiume."

"Nimezaa mara tatu mbele ya watu nisiowajua. Usinifundishe aibu."

Jumatano walikwenda. Chumba kilikuwa mwisho wa koridoni, nyuma ya mlango wenye kitasa kilicholegea. Ndani kulikuwa na kitanda cha kupimia, pazia la kijani, mpira mkubwa kiasi cha kukaliwa, na juu ya meza mifupa ya nyonga ya plastiki, ikiwa imefungwa kamba nyekundu kwa ndani kuonyesha misuli. Mtaalamu alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye mabega mapana na sauti ya mtu anayeuza kitu anachokiamini. Kipanga alipoona ni mwanamke, alimgeukia mkewe. Mkewe alikuwa ameshakaa.

Mama yule hakumwambia avue. Alianza kwa maswali, na la kwanza lilimshangaza.

"Baba, kazi yako ni winchi. Kule juu kuna choo?"

"Hakuna."

"Ukibanwa unafanyaje?"

"Nabana."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka saa saba. Kushuka na kupanda ni karibu nusu saa, saiti nzima inasimama. Sinywi maji asubuhi. Nimezoea."

"Miaka mingapi?"

"Kumi na sita."

Aliandika. Akauliza kuhusu haja kubwa, kuhusu usingizi, kuhusu chumba chao cha kulala, yote kwa sauti ile ile, kama anayeuliza njia ya kwenda sokoni. Kisha akaishika ile mifupa ya plastiki, akapitisha kidole kwenye kamba nyekundu.

"Hii hapa chini ni kama chandarua kilichotandikwa kutoka mfupa wa mbele mpaka wa nyuma. Kinashika kibofu, kinashika utumbo. Ukibana mkojo, hiki ndicho kinachobana. Ukishtuka kinabana. Mzigo ukiyumba nadhani nacho kinabana. Kazi yake ni kubana na kuachia. Sasa chako umekiamuru kubana miaka kumi na sita, na kuachia kimesahau. Msuli ukikaa umekunjwa hivyo unauma, na mishipa ya fahamu inayopita humo ndiyo hiyo hiyo inayokwenda kwenye korodani. Ndiyo maana unasikia huku wakati tatizo liko kule."

"Na lile zoezi la kubana?"

"Nani alikupa?"

"Rafiki."

"Kuna watu linawafaa, waliolegea. Wewe ni kama mtu aliyekamatwa na mkazo wa mguu halafu anaambiwa akimbie."

Alimlaza chali, magoti yamekunjwa, suruali ya mazoezi mwilini. Akamwekea kiganja tumboni. "Liachie tumbo."

"Nimeliachia."

"Hujaliachia. Liko gumu kama meza."

Kipanga alijaribu. Hakujua hata pa kuanzia. Alikuwa amelibana tumbo hilo muda mrefu kiasi kwamba alidhani ndilo umbo lake. Mama akamfundisha kuvuta pumzi mpaka itue chini kabisa, chini ya kitovu, tumbo lipande, kisha aitoe bila kuisukuma. Mara ya sita au ya saba kitu kilishuka sentimita moja ndani yake. Kisha, akiwa amemweleza kwanza atamgusa wapi na kwa nini, mtaalamu alibonyeza kwa kidole gumba ndani ya paja, karibu na mfupa, mbali kabisa na mahali panapouma.

Kipanga aliruka. "Hapo. Uzi wenyewe huo."

"Unausikia wapi?"

"Kwenye korodani. Lakini hujaigusa."

"Sijaigusa," alisema mama, na kwa mara ya kwanza alitabasamu.

Kipanga alibaki ameangalia dari. Miezi minane hakuna aliyeona kitu. Leo mtu amelibonyeza lile jambo kwa kidole, kama kengele ya mlango, na likaitika. Machozi yalimtoka yakaingia masikioni, na mkewe, aliyekuwa upande wa pili wa pazia, alijifanya anasoma bango la ukutani.

Kulikuwa na sehemu nyingine ya tiba. Mtaalamu aliieleza waziwazi: misuli mingine inafikiwa kwa ndani tu, kwa kidole chenye glavu, kupitia njia ya haja kubwa. Si lazima, alisema, na si leo, na akisema hapana ni hapana. Kipanga alisema hapana kabla sentensi haijaisha.

Alirudi nyumbani na kazi ya kufanya. Pumzi dakika kumi asubuhi na dakika kumi jioni. Kupiga magoti na kuinama mbele mpaka paji la uso liguse mkeka, nyonga zikitua juu ya visigino. Kulala chali akikumbatia magoti. Kutembea nusu saa. Kunywa maji kama watu wengine, na kwenda kukojoa kila baada ya saa tatu, bila kubana, bila kusukuma. Yale ya kwenye mkeka hayakuwa na shida, ingawa binti yake mdogo alimkalia mgongoni siku ya kwanza. Shida ilikuwa lile la mwisho.

Alimfuata msimamizi wa saiti ofisini kwake, kwenye kontena. Msimamizi alikuwa mtu wa haraka, anaongea huku anatembea.

"Nahitaji kushuka saa tatu na nusu kila siku. Na saa tisa."

"Kufanya nini?"

"Kukojoa."

Msimamizi alicheka, akaona Kipanga hacheki. "Mzee, unajua winchi ikisimama nusu saa ni watu wangapi wanasimama? Kila mtu hapa ana mkojo."

"Kila mtu hapa ana choo hatua thelathini kutoka alipo. Mimi nina ngazi mita hamsini na tano."

"Madereva wengine wana chupa."

"Nimejaribu chupa. Bubu ananiita kwenye redio kila dakika mbili, mzigo uko hewani. Siwezi kuachia mkojo nikiwa nimeshika tani mbili. Kubana huko ndiko kulikonifikisha hapa."

"Tutaliangalia," alisema msimamizi, na kwa jinsi alivyolisema Kipanga akajua halitaangaliwa.

Kesho yake asubuhi, kwenye kikao cha usalama cha dakika kumi wanachokifanya kila siku kabla ya kuanza, watu wote wamesimama na kofia zao, afisa usalama aliuliza kama kuna mwenye neno. Kipanga alipiga moyo konde akanyoosha mkono.

"Mimi leo sipandi," alisema.

Vichwa vyote viligeuka. 

"Nina maumivu ya korodani. Mwezi wa tisa sasa. Daktari na mtaalamu wa viungo wamesema yanatokana na kubana mkojo na kujikaza kule juu, na karatasi ninayo hapa. Naweza kupona nikishuka kila baada ya saa tatu. Nikikataliwa kushuka, sipandi. Sitaki kukaa juu ya vichwa vyenu na mzigo huku akili yangu yote iko kwenye maumivu."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akasema kipanga ana mayai. Wengine wawili watatu wakamfuata. Kipanga aliwaacha wamalize. Masikio yalimwaka, lakini miguu haikusogea. Bubu, ambaye siku zote ndiye wa kwanza kwenye utani, hakucheka. Alikunja ngumi na kuiinua juu, ile ishara ya kusimamisha kila kitu, na kwa mazoea ya miaka watu walinyamaza.

"Mara ngapi huyu amepitisha mzigo juu ya kichwa chako?" alimuuliza yule aliyecheka. "Basi."

Afisa usalama aliiomba karatasi. Aliisoma mara mbili. Kisha akamwita msimamizi pembeni, na wale waliokuwa karibu walisikia neno "ajali" likitajwa zaidi ya mara moja. Mabishano yalichukua saa nzima na winchi ilisimama muda wote huo, jambo ambalo msimamizi mwenyewe aliliona. Mwishowe walipanga upya: mafundi wa nondo wangefunga waya saa tatu na nusu badala ya saa nne na nusu, kazi isiyohitaji winchi, na Kipanga angeshuka. Alasiri hivyo hivyo.

Haikuwa kama filamu. Wiki mbili za mwanzo hakuona tofauti, isipokuwa miguu kuuma kwa kupanda ngazi mara nyingi zaidi. Wiki ya tatu aligundua amekula chakula cha jioni akiwa amekaa, na hakugundua mwenyewe, mkewe ndiye aliyemwangalia mpaka akajiangalia. Wiki ya nne maumivu aliyokuwa akiyapa saba kati ya kumi aliyapa manne. Akaanza kuimba bafuni, vibaya kama zamani.

Wiki ya sita upepo ulikuja. Walikuwa wanainua fremu ya dirisha kubwa, pana kama tanga, na kabla haijafika ghorofa ya tisa upepo uliishika ukaanza kuizungusha. Bubu alikunja ngumi. Kipanga alisimamisha, akashikilia, akaisubiri itulie, na kwa dakika kumi na moja alibana kila kilichobanika mwilini mwake, kuanzia taya. Fremu ilishuka salama. Yeye alishuka akiwa ameinama, na kwa siku tatu alikuwa pale pale alipokuwa mwezi wa nane, au pabaya zaidi.

"Nimemaliza," alimwambia mkewe. "Narudi kwa yule mzee akate."

"Alisema miezi mitatu. Huu ni mwezi mmoja na nusu."

"Haifanyi kazi."

"Ilikuwa inafanya Ijumaa." Alikuwa anakata vitunguu na hakugeuka. "Mtoto wangu wa darasani akikosea swali moja baada ya kupata tisa, simwambii aache shule."

Alikwenda kliniki akiwa amekunja uso, tayari kulaumu. Mtaalamu alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Ulipobana siku ile, ulijua kwamba umebana?"

Kipanga alifikiri. "Nilijua. Nilijisikia kabisa, tumbo, matako, kila kitu."

"Miezi miwili iliyopita ungejua?"

Kipanga alitikisa kichwa.

"Kurudi nyuma kupo, baba, na kila mgonjwa wangu amepitia hapo. Misuli imefanya ilichozoea. Sasa tuifundishe tena." Akaiweka kalamu mezani. "Na kuna ile sehemu uliyoikataa. Bado una haki ya kuikataa."

Kipanga aliitazama mifupa ya plastiki na zile kamba nyekundu. Aliwaza msalani pa saiti, ngazi, vicheko vya kikaoni. Ameshasema neno korodani mbele ya watu themanini. "Tufanye," alisema.

Haikuwa alivyoiogopa. Alilala ubavu, amefunikwa shuka, mtaalamu akimwambia kila hatua kabla ya kuifanya na kumwuliza kama aendelee. Kulikuwa na kukereka, kisha sehemu moja upande wa kushoto iliyouma vibaya, uzi ule ule, na mama akatulia hapo hapo bila kusukuma, akamwambia avute pumzi mpaka chini. Akavuta. Akaitoa. Mara ya nne, ule msuli uliachia. Alihisi ukiachia, kama fundo la kamba linalofunguka lenyewe. Alibaki amelala pale akishangaa jinsi ndani ya mtu kulivyo na nafasi.

Walifanya hivyo mara tano zaidi, wiki kwa wiki, na yeye mwenyewe aliendelea na mkeka kila siku bila kukosa, hata siku za mvua saiti ilipofungwa, hata siku ya harusi ya shemeji yake, ambapo alijifungia chumba cha wageni dakika kumi akiwa na suti. Kule juu alijiwekea desturi: mzigo ukishatua na Bubu akishafungua mnyororo, kabla ya kuinua mwingine, anaachia taya, anaachia mabega, anaachia kule chini, ndipo anaitikia redio. Msimamizi alimtania kwamba sasa anachelewa sekunde nne. Kipanga alimwambia azizoee.

Mwezi wa tatu ulipotimia alirudi kwa daktari kama walivyokubaliana. Mzee alimuuliza maumivu ni mangapi. Moja, alisema Kipanga, siku nyingine mawili, siku nyingine sijui kama yapo mpaka niyatafute. Daktari alimwambia asiyatafute.

Nyumbani, mkewe hakuuliza namba. Alijua kwa njia zake, na Jumamosi moja alasiri, watoto wakiwa kwa shangazi yao, aliyafunga madaftari ambayo hakuwa amemaliza kuyasahihisha, jambo ambalo Kipanga hakuwahi kuliona katika miaka kumi na tano ya ndoa.

Siku chache baadaye, wakati wa chakula cha mchana, fundi mmoja wa nondo alikuja kukaa karibu naye. Alikuwa jitu la miraba minne, mikono imejaa makovu ya waya, na ndiye yule aliyetania mambo ya mayai. Alikula nusu sahani kwanza.

"Ile kitu yako," alisema hatimaye, akiangalia chakula. "Inakuwa kama mtu anakufinya, halafu inapanda huku?"

"Wewe tangu lini?"

"Mwaka wa tatu." Akatafuna. "Mke wangu alishaondoka. Sikumwambia."

Kipanga hakumcheka wala hakumpa pole. "Umepimwa? Altrasaundi, mkojo?"

"Bado."

"Anza hapo. Kwanza kwa daktari, ahakikishe si kingine. Usije ukaruka hatua. Halafu akikuta huna kitu, nakupeleka kwa mama mmoja."

Ilichukua wiki mbili. Daktari hakukuta kitu, na kwa siku waliyopangiwa Kipanga aliomba ruhusa ya nusu siku, dereva aliyeazimwa saiti nyingine akapanda badala yake. Walikaa kwenye benchi la koridoni, jitu lile likitikisa goti bila kukoma, likisoma maandishi ya mlangoni kama hati ya mashtaka.

"Ni mwanamke?"

"Ni mwanamke."

"Atanivua?"

"Atakuuliza maswali. Ukitaka aache, ataacha. Mjibu ukweli tu, hata ya chooni."

Mlango ulifunguliwa, mama akachungulia na kumkaribisha. Fundi wa nondo alisimama, akavuta shati, akabaki ameduwaa hatua moja kutoka mlangoni. Kipanga alimwekea kiganja mgongoni, akausikia ulivyo mgumu.

"Nenda," alimwambia. "Mimi niko hapa."

Akaingia. Kipanga aliketi tena, akaegemeza kichwa ukutani, na kumsubiri.